Askari Wasio na Mshahara

Katika mkutano wetu wa Komarock mama mmoja aliuliza: mtu atafanyaje kazi ya serikali bila malipo? Tukamtajia mbuga ya wanyama ya Nairobi, hapo ng'ambo ya Barabara ya Mombasa.

Mbuga hiyo ilitangazwa 1946, ya kwanza Kenya. Tangu enzi za ukoloni askari walioajiriwa hawakutosha, basi wakateuliwa walinzi wa kujitolea, wengi wao Wazungu wenye magari yao. (Mwenye baiskeli nani angemteua?) KWS, iliyoundwa kwa sheria ya 1989, iliendelea na desturi hiyo. Mlinzi huyu hupewa kitambulisho, anaripoti mitego ya nyaya na majangili, na petroli ni yake mwenyewe.

Shida iko kusini, ambako hakuna ua na wanyama hutoka kwenda Kitengela. Juni 2012 wenyeji waliwaua simba sita baada ya mifugo kuliwa. Hapo, kwa maoni yetu, anayehitajika zaidi ni mchungaji anayejulikana na jirani zake, anayeweza kuwatuliza usiku huohuo kabla mikuki haijatoka.

Mama akauliza tena: hata nauli hapewi? Hapewi. Mweka hazina wetu akainamia daftari lake, kimya.