Kifafa: Tusiogope Kumshika, Tusiache Dawa

Katika vijiji vingi yuko mtu ambaye haonekani mikutanoni. Ukiuliza yuko wapi, unajibiwa kwa sauti ya chini: "Huyo ana ile shida ya kuanguka." Basi shida yenyewe ni kifafa. Kuna wazazi wanaomficha mtoto kwa aibu, na majirani wanaomkimbia kwa woga. Hata akiangukia kwenye moto, wengine husimama kando wakitazama, ati wakimgusa wataambukizwa. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wana makovu ya moto mwilini.

Katika toleo hili tungependa tuelewane juu ya ugonjwa huu, na tuone kazi ambayo familia na kikundi wanaweza kuifanya pale pale nyumbani.

KIFAFA NI NINI?

Ubongo wetu hufanya kazi kwa nguvu ndogo sana za umeme. Nguvu hizo zikivurugika kwa ghafla, mtu hupoteza fahamu, huanguka, mwili hukakamaa na kutetemeka. Anaweza kutoa povu, kujiuma ulimi au kujikojolea. Baadaye hulala, na akiamka hakumbuki lolote.

Lakini si kila kifafa ni cha kuanguka. Kuna mtoto ambaye hukodoa macho tu kwa sekunde chache, asisikie hata akiitwa. Mwalimu anadhani ni mtundu au hasikilizi, kumbe ni mgonjwa.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ilivyo ugonjwa wa kifua. Si laana, si kurogwa, na HAKIAMBUKIZI. Povu haliambukizi, mate hayaambukizi, mkojo hauambukizi. Kula naye sahani moja, mpe mkono, lala naye chumba kimoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa, kwa hiyo si shida ya ukoo mmoja au kijiji kimoja.

KINALETWA NA NINI?

Mara nyingi chanzo hakijulikani. Lakini kuna vyanzo ambavyo tunavijua, na vingine tunaweza kuvizuia:

- Mtoto kukosa hewa au kuumia wakati wa kuzaliwa. Akina mama wajifungulie hospitali.
- Malaria kali iliyopanda kichwani, na homa ya uti wa mgongo. Tutumie neti, tena tusicheleweshe matibabu.
- Kuumia kichwa. Wa bodaboda wavae helmeti.
- Tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, anaweza kupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo chake. Mayai hayo yakiingia mdomoni mwa mtu kwa mikono michafu, maji au mboga, funza wake huweza kufika hadi kwenye ubongo. Jambo hili linahusu hasa sehemu ambako nguruwe huachwa wazurure, kama Busia. Tujenge vyoo, tufunge nguruwe, tunawe mikono na tuipike nyama iive.

Tusichanganye kifafa na degedege. Degedege humpata mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 5, akiwa na homa kali. Kuna wanaosema ni ndege mbaya amepita juu ya mtoto, na kwamba akidungwa sindano atakufa. Msikubali maneno hayo. Homa yenye degedege inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na mtoto huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

ANAPOANGUKA, FANYA HIVI

1. Mwondoe penye hatari. Kama ni motoni, majini au barabarani, mvute atoke. Usiogope kumshika.
2. Weka kitu laini chini ya kichwa, kama sweta au leso. Legeza nguo za shingoni.
3. Tazama saa ujue ameanza lini.
4. Mtetemeko ukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke nje na apumue vizuri.
5. Kaa naye hadi azinduke kabisa. Ongea naye polepole. Tawanya watu wanaotazama, na kama amejikojolea, mfunike. Heshima yake ni muhimu.

USIFANYE HIVI

- Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Hawezi kuumeza ulimi wake, lakini unaweza kumvunja meno au kumziba pumzi.
- Usimkandamize ili aache kutetemeka.
- Usimmwagie maji, wala kumnusisha kiatu, kitunguu au mafuta ya taa.
- Usimpe chakula, maji wala dawa ya kumeza kabla hajazinduka.

Mpelekeni hospitali haraka ikiwa mtetemeko umepita dakika 5, ikiwa unarudi tena kabla hajapata fahamu, ikiwa ameumia au hapumui vizuri, ikiwa ni mama mja mzito, au ikiwa ni mara yake ya kwanza.

DAWA IPO, NA SI NGENI

Fenobabitoni ni dawa ya kifafa ambayo imetumika tangu mwaka 1912, na bei yake ni nafuu kuliko nyingi. Zipo nyingine pia, kama kabamazepini. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Dawa hizi hazing'oi chanzo. Zinazuia mtu asianguke. Basi ni lazima zimezwe kila siku, hata kama mwezi umepita bila shida.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Miezi mitatu ikipita salama, mgonjwa anajiona amepona na anaacha. Mwingine ameombewa, akaambiwa azitupe. Ndugu zetu, tuombe, na tuendelee kuomba, lakini sala na dawa hazigombani. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa kifafa usiokatika, na mtu hufa. Kawaida daktari hafikirii kupunguza dawa mpaka mgonjwa amekaa angalau miaka miwili bila kuanguka, na hapo huipunguza kidogo kidogo.

Kila dawa ina maudhi yake. Fenobabitoni huleta usingizi mwanzoni. Ukiona vipele mwilini baada ya kuanza dawa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Msichana au mama anayeweza kupata mimba amwambie daktari mapema, kwa sababu dawa iitwayo valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiache dawa mwenyewe.

Mgonjwa akienda kliniki, aende na mtu aliyemwona akianguka, maana yeye mwenyewe hakumbuki. Wekeni daftari: tarehe, saa, alitetemeka dakika ngapi, upande gani ulianza. Daktari husaidiwa sana na daftari hilo.

NYUMBA IWE SALAMA

Moto wa mafiga matatu ndio adui mkubwa. Jengeni jiko la udongo lililoinuka, lenye ukuta pande zote. Mgonjwa alale chini au kwenye kitanda kifupi. Asiende mtoni au kisimani peke yake, asipande miti, wala asiendeshe bodaboda. Aepuke pombe na kukesha, kwa maana hivi viwili huamsha kifafa.

Lakini tusimfungie kama kuku. Mtoto aende shule, na mwalimu aelezwe la kufanya. Mtu mzima afuge, alime, ashone, aoe au aolewe kama wengine.

KIKUNDI KINAWEZA NINI?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi kinaweza kujenga jiko la kuinuka kwa familia yenye mgonjwa, kwa siku moja tu ya kazi. Kinaweza kutenga kiasi kidogo kwenye mchango wa kila mwezi kwa nauli ya kliniki na dawa zikikosekana dispensari, ili asipitishe hata siku moja. Kinaweza kumchagua mwanachama mmoja wa kumkumbusha tarehe ya kliniki. Zaidi ya yote, kinaweza kumpokea awe mwanachama kamili, akichanga na kupewa zamu yake kama wenzake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni nani katika eneo letu amefichwa kwa sababu ya kifafa? Nani atamtembelea wiki hii?
2. Mtu akianguka hapa mkutanoni sasa, nani atafanya nini? Fanyeni mazoezi ya kumlaza mtu kwa ubavu, wawili wawili.
3. Dawa za kifafa zinapatikana wapi karibu nasi, na nauli ni pesa ngapi?