Gari Likichemka, Chunguza Feni

Mkulima, gari likichemka njiani maziwa huchelewa na kuharibika, lakini hasara ya injini huweza kuwa kubwa zaidi. Joto likizidi gasketi huungua, na kichwa cha injini huweza kupinda au kupasuka. Basi yafaa ujue dalili mapema.

Kazi ya feni ni kuvuta hewa ipite katika rejeta ili kupoza maji. Gari likienda mbio, upepo wa njiani hufanya kazi hiyo. Likisimama, au likipanda mlima polepole katika matope, hutegemea feni. Kwa hiyo ukiona mshale wa joto unapanda gari likiwa limesimama, kisha unashuka ukienda kasi, shuku feni. Ukipanda hata katika mwendo wa kasi, chunguza pia maji, pampu, na rejeta iliyoziba.

Mshale ukifika juu, simama, uzime injini, ungoje ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, kwa maana maji yatakurukia na kukuunguza. Wala usizibe rejeta kwa kitambaa. Mahali pa juu kama Kinangop, maji yasiyofungwa vizuri huchemka kwa digrii 92 hivi, si 100.

Injini ikipoa, tazama feni yako ni ya namna gani.

Feni ya mkanda: Tazama kama mkanda umepasuka, umelegea au umelowa mafuta. Katika magari mengi mkanda huo huzungusha pia pampu ya maji na mashine ya kuchaji betri. Ukikatika, taa nyekundu ya betri huwaka na injini huchemka hata ukienda kasi. Usiendelee na safari mpaka utiwe mkanda mwingine.

Feni ya umeme: Washa injini, uache gari limesimama, utazame. Mshale ukipita katikati na feni haizunguki, zima. Angalia fyuzi na nyaya kwanza, kwa kuwa fyuzi ni ya bei ndogo. Kama ni nzima, mwambie fundi aiunganishe feni na betri moja kwa moja. Ikizunguka, mota ni nzima na kasoro iko kwenye swichi, rilei au nyaya. Isipozunguka, mota imekufa.

Jihadhari: feni ya umeme huweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Ondoa waya wa betri kabla ya kutia mkono.

Chunguza mkanda na maji kila wiki, asubuhi, injini ikiwa baridi.