Jicho, Pepo, ao Homa: Mama Atajua Namna Gani?

Wamama wapenzi wa Mangobo, juma hili tunaandika juu ya neno lililotusumbua katika kundi letu. Mtoto wa mwenzetu, wa miezi minane, aliacha kunyonya, akalia usiku kucha. Siku ile asubuhi, bibi mjane wa lupango ya jirani alikuwa amemsifu: "Huyu mtoto amenona kweli!" Kulipokucha kila mtu alikuwa akimtaja yule bibi. Hakuna aliyempima mtoto homa.

Sisi Waislamu tunaamini kwamba jicho ni kweli, Mtume (s.a.w.) alisema hivyo. Asma binti Umais alipoulizwa sababu gani watoto wa Jaafar wamekonda, alijibu kwamba jicho linawapata upesi, na Mtume akaruhusu wasomewe. Basi mama anayemsomea mtoto wake hafanyi upuuzi.

Lakini tukumbuke habari ya Amir bin Rabia. Alimwona Sahl bin Hunaif akioga, akaisifu ngozi yake, na Sahl akaanguka palepale. Mtume alimkemea Amir kwa kuwa hakumwombea mwenzake baraka, akamwagiza anawe, na maji yale akamwagiwa Sahl. Sahl akapona. Amir hakufukuzwa mjini, wala hakuitwa ndoki. Alikuwa Sahaba, na Sahaba alibaki.

Walimu wa ruqya wanataja dalili: ndoto za kutisha, uchovu, kukonda, kulia wakati wa kusomewa. Shida ni kwamba malaria, minyoo na upungufu wa damu vinaleta karibu hayo yote. Na kulia, mtoto gani hatalia mtu mgeni akimsomea kwa sauti kubwa karibu na sikio?

Kuanguka kifafa ndiko kunakotutisha zaidi. Mwanamke mmoja mwenye ugonjwa wa kuanguka alimwendea Mtume. Akapewa kuchagua: avumilie apate Pepo, ao aombewe apone. Alichagua kuvumilia, akaomba tu mwili wake usifunuke anapoanguka. Hakuna fimbo katika habari hiyo, wala kamba, wala moshi wa pilipili. Hapa Tshopo kuna jambo lingine pia: inzi wa upofu wa mto huzaa penye maji yanayokwenda kasi, na waganga wa hospitali wameona kifafa kinazidi mahali ugonjwa huo ni mwingi. Mectizan inapogawanywa, tuimeze.

Degedege, shingo ngumu, viganja vyeupe, kukataa ziwa: kituo cha afya saa ileile. Fatiha, Ayatul Kursi, Falaq na Nas zinasomeka hata juu ya toleka ao pikipiki. Mtume mwenyewe alituambia tutafute dawa.

Na kama anayetajwa ni mtoto, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi: kifungo cha mwaka 1 mpaka 3.

Mtoto wa mwenzetu alikutwa na malaria. Siku ya tatu alirudia ziwa. Lakini yule bibi tangu siku ile hatoki tena kuteka maji mchana. Ijumaa, baada ya sala, tutakwenda kumsalimia. Mama wa mtoto amesema atakuja, na mtoto atambeba.