Kuijenga Nchi Isiyokuwako

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika habari ya jambo lililotokea kweli. Baada ya somo lile msikilizaji mmoja, fundi wa baiskeli, alituletea barua yenye swali hili: Je, mtu mzima akikaa kutunga hadithi ya nchi ambayo haiko duniani, si anapoteza wakati wake na wa wenziwe? Swali hili ni zuri. Leo tutalijibu kwa kutazama kazi ya mtu mmoja aliyejenga nchi ya namna hiyo kwa muda wa maisha yake yote.

Jina lake ni J. R. R. Tolkien. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892, na wazazi wake walikuwa Waingereza. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu mama yake alimpeleka Uingereza. Baba alibaki nyuma kazini, akafa huko mwaka 1896. Mama naye alifariki mwaka 1904, mtoto akiwa na miaka 12. Katikati ya misiba hiyo alikaa miaka minne katika kijiji cha Sarehole, penye mto, miti, na kinu cha kusagia nafaka. Baadaye alipobuni nchi ya hobiti, yaani watu wafupi wapendao bustani na chakula kizuri, picha ya kijiji kile ndiyo iliyokuwa machoni pake.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Tolkien alipigana katika mahandaki ya Somme, Ufaransa, akarudishwa kwao kwa homa iliyoenezwa na chawa. Alikuwa na rafiki watatu wa tangu shuleni, nao walikuwa wakisomeana mashairi. Wawili walikufa mwaka ule ule. Mmoja wao, kabla ya kufa, alimwandikia barua akimwombea aishi, apate kuyasema yale ambayo yeye huenda asijaliwe kuyasema. Hadithi zake za kwanza kubwa Tolkien aliziandika alipokuwa mgonjwa baada ya mapigano hayo ya Somme. Baada ya miaka mingi alikiri kwamba kinamasi cha wafu kilichomo katika kitabu chake kina deni kwa ardhi ile ya Ufaransa.

Angalieni basi jambo la kwanza: nchi ya kubuni hutoka katika mambo ambayo mwandishi ameyaona, na mara nyingi ameyapoteza.

Jambo la pili ni lugha. Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alipenda mno sauti za Kifini na Kiwelsh, akatunga lugha zake mwenyewe kwa mfano wa hizo. Wengi hudhani kwamba alitunga hadithi kwanza, kisha akatafuta majina. Yeye alieleza kuwa ilikuwa kinyume: lugha zilitangulia, na hadithi zikaja ili lugha zipate watu wa kuzisema. Katika lugha yake mojawapo neno *dor* ni nchi, na *mor* ni nyeusi. Mordor, basi, ni Nchi Nyeusi, na Gondor ni Nchi ya Mawe. Sisi nasi hutia U mwanzoni tukasema Unyamwezi, Usukuma, Uzaramo. Hata mgeni asiyezijua nchi hizo huona kwamba majina yake ni ya ukoo mmoja. Ndivyo msomaji wa Tolkien anavyoona.

Jambo la tatu ni hesabu. Tolkien alichora ramani, kisha akaifanya hadithi iifuate. Alipima mwendo wa miguu wa kila siku. Wasafiri wake walipotengana, alitaka usiku mmoja mwezi uonekane sawasawa kwa wote, na alipoona haupatani alirudi kusahihisha. Katika nchi ya uchawi mwezi nao una ada yake!

La nne ni subira, na hapa wanafunzi wa jioni tusikilize vizuri. Siku moja, karibu na mwaka 1930, Tolkien alikuwa akisahihisha mitihani ya wanafunzi ili aongeze pato la nyumbani. Akakuta ukurasa mtupu, akaandika juu yake sentensi moja kuhusu hobiti akaaye shimoni, wala hakujua hobiti ni nini. Kitabu kilichotokana na sentensi hiyo, *The Hobbit*, kilitolewa mwaka 1937. Desemba ya mwaka huo alianza kingine, *The Lord of the Rings*. Alikiandika usiku, baada ya kazi ya mchana. Safari moja alikwama karibu mwaka mzima. Aliwasomea rafiki zake sura baada ya sura, akazipokea lawama zao. Mwisho alikipiga chapa kwa mashine mwenyewe, maana hakuweza kumlipa mpiga chapa. Kilitolewa mwaka 1954 na 1955, katika vitabu vitatu.

Na kwetu je? Shaaban Robert alitoa *Kusadikika* mwaka 1951. Nchi yake inaelea hewani, lakini Karama aliyeshitakiwa mle anadai haki ambayo kila msomaji anaijua. Jina lenyewe latufundisha: nchi haipo, lakini sharti isadikike.

Ndugu fundi, wewe wajua kwamba spoku chache zikilegea gurudumu zima huyumba. Nchi ya kubuni ni vivyo hivyo. Anayeiunganisha barabara hapotezi wakati. Hutupa mahali pa kuyatazama majonzi yetu na haki zetu kwa utulivu.

Zoezi la juma hili:

1. Chora ramani ya nchi yako ya kubuni, yenye mto mmoja, mlima mmoja na miji miwili. Andika ni mwendo wa siku ngapi toka mji hadi mji.

2. Ipe miji hiyo majina ya ukoo mmoja, na ueleze maana yake.

3. Tia humo mahali pamoja ulipopapenda utotoni ambapo leo hapako tena.

Msomeeni jirani kabla hamjatuletea. Kwaherini.