Michezo ya udukuzi: Mwizi akizidi, soko hufungwa

WATENGENEZAJI wa michezo ya kompyuta wanaotaka kuingiza sokoni mchezo wa udukuzi unaochezwa na watu wengi kwa pamoja wanakabiliwa na swali ambalo kila mwenye duka analifahamu: ni wizi wa kiasi gani duka linaweza kuuvumilia kabla halijafunga milango.

Katika mchezo wa aina hiyo kuibiana ndiyo bidhaa yenyewe. Mteja hulipa ili apate nafasi ya kuvunja kinga za kompyuta ya mwenzake ndani ya mchezo na kuchukua fedha za bandia zilizomo. Tatizo ni kwamba yule anayeibiwa naye ni mteja, tena aliyelipa bei ileile.

Benki isiyolalamika

Mchezo wa Uplink, uliotolewa mwaka 2001 na kampuni ya Introversion Software ya Uingereza, ulionyesha kuwa udukuzi unauzika. Kampuni hiyo ilianzishwa na vijana watatu waliosoma Imperial College, London. Mchezaji hupokea kazi za kuingia katika kompyuta za mashirika, hupitisha mawasiliano yake katika mashine nyingi ili kuficha nyayo, na hushindana na saa inayohesabu muda uliobaki kabla hajanaswa. Akinaswa, kazi yake imekwisha na huanza upya.

Lakini Uplink ni mchezo wa mtu mmoja. Benki inayoibiwa humo ni ya kubuni. Haina mwenyewe anayekasirika, haidai kurudishiwa fedha zake, na kesho yake iko palepale ikisubiri kuibiwa tena. Mbunifu anayeugeuza mchezo huo uwe wa watu wengi anaiondoa benki hiyo na kumweka binadamu mahali pake. Hapo ndipo hesabu zote hubadilika.

Mgeni ndiye mwenye fedha

Chukua mfano wa hesabu nyepesi. Mchezo una wateja 1,000, kila mmoja akilipa dola 10 kwa mwezi. Mapato ni dola 10,000. Kati ya wateja hao, 50 ni wezi hodari. Kila mmoja akiwafilisi wageni wanne kwa mwezi hadi wakakata tamaa na kuondoka, kampuni inapoteza wateja 200, yaani dola 2,000 kila mwezi. Wezi wenyewe wanaingiza dola 500 tu.

Hali ni mbaya zaidi pale mchezo unapouzwa kwa malipo ya mara moja. Mchezaji wa siku nyingi amekwisha kulipa, na kila siku anayocheza ni gharama ya seva kwa kampuni. Fedha mpya huletwa na mgeni peke yake. Mgeni huyohuyo hajui kuweka kinga, hajui hila za wenyeji, na ndiye mawindo rahisi kuliko wote. Kwa maneno mengine, sheria za mchezo zisipoangaliwa, kila aliye ndani hunufaika kwa kumfukuza mtu ambaye kampuni inamhitaji kuliko wengine.

Somo la Ultima Online

Hasara ya aina hiyo imekwisha kuonekana sokoni. Ultima Online, iliyotolewa mwaka 1997 na kampuni ya Origin Systems ya Marekani, ilikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza kupata wateja zaidi ya 100,000 wanaolipa kila mwezi. Haukuwa mchezo wa udukuzi, bali wa mashujaa na majoka, lakini uliruhusu wachezaji kuibiana na kuuana karibu kila mahali nje ya miji.

Wageni waliotoka mjini walivuliwa kila walichokuwa nacho. Kampuni ilijaribu adhabu, ikaweka alama za kuwatambulisha wauaji, lakini malalamiko hayakwisha. Mwaka 2000 iliugawa ulimwengu wa mchezo sehemu mbili: Trammel, ambako mtu hashambuliwi bila ridhaa yake, na Felucca, ambako sheria za zamani ziliendelea.

Wateja wengi walihamia upande wa amani. Felucca ikabaki na wanyang'anyi wengi wasio na wa kumnyang'anya. Kampuni ilinusuru biashara, lakini pia ilipoteza sehemu ya msisimko uliowavuta wateja wa mwanzo. Kwa mchezo wa udukuzi dawa hiyo ni kali mno, maana upande usio na wizi hauna tena cha kuuza.

Hasara inapozaa biashara

Njia nyingine ilionyeshwa na kampuni ya CCP ya Iceland, iliyotoa mchezo wa anga uitwao EVE Online mwaka 2003. Humo chombo kikilipuliwa kimepotea. Lakini mwenye chombo hulazimika kununua kingine, nacho hutengenezwa na wachezaji wengine kwa madini yaliyochimbwa na wachezaji wengine tena. Hasara ya mmoja ni soko la wengi. Bima hurudisha sehemu ya thamani ya chombo, na maeneo yamegawanywa kwa viwango vya usalama, hivyo anayefuata faida kubwa hujua amekwenda wapi na kwa hatari gani.

Mwaka 2005 kikundi kimoja cha wachezaji wa EVE Online kilijipenyeza katika shirika la wapinzani wao kwa miezi mingi, watu wake wakapanda vyeo na kuaminiwa funguo za maghala, kisha wakakomba kila kitu kwa siku moja. Mali hiyo ilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 16,000 za kweli. CCP haikuwaadhibu, kwa kuwa hakuna sheria ya mchezo iliyovunjwa. Habari hizo ziliutangaza mchezo kote duniani. Mwaka 2007 kampuni iliajiri mchumi wa kufuatilia bei na mzunguko wa bidhaa ndani ya mchezo, na mwaka 2018 ilinunuliwa na Pearl Abyss ya Korea Kusini kwa dola milioni 225, mbali na nyongeza iliyotegemea matokeo ya mauzo.

Hackmud yapanga ngazi za hatari

Mchezo wa hackmud, uliotolewa mwaka 2016, ulileta mafunzo hayo katika udukuzi wenyewe. Ni mchezo wa maandishi matupu. Wachezaji huandika programu ndogo kwa lugha ya JavaScript na kuzitumia au kuzigawa kwa wenzao. Mgeni huanza katika eneo la mafunzo akiwa peke yake, na akihitimu ndipo huingia katika ulimwengu wa pamoja.

Kila programu hupewa ngazi ya usalama, kuanzia ile isiyoweza kumdhuru anayeitumia hadi ile inayoweza kumfilisi. Ngazi hiyo huonekana kabla mtu hajaiendesha. Aidha, mshambuliaji hawezi kumvamia mchezaji asiyeijua anwani yake, na anwani ni siri. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwizi ni kumshawishi mtu aendeshe programu yenye mtego au ajitangaze mwenyewe, kama wafanyavyo matapeli wa kweli.

Faida ya mpango huo kwa mwenye mchezo ni kwamba aliyeibiwa anaweza kuona alipokosea: aliendesha programu ngeni bila kusoma ngazi yake, au alitoa anwani ovyo. Mtu anayejua kosa lake hujifunza na kurudi. Asiyejua alivyoibiwa huona ameonewa, na huyo harudi.

Kufuli la kweli

Gharama nyingine inayosahauliwa ni ulinzi wa seva yenyewe. Mchezo wa udukuzi hukusanya makusudi watu wanaopenda kujaribu makufuli. Watalijaribu la mchezo, na baadhi yao watalijaribu la kampuni.

Jibu lake lilikuwapo tangu mwaka 1984, wakati jarida la Scientific American lilipowafahamisha wasomaji wake mchezo wa Core War. Humo programu za wachezaji hupigana ndani ya kompyuta ya kuigiza, zikiandikwa kwa lugha ya mchezo huo peke yake. Hata programu kali kiasi gani haiwezi kugusa mashine halisi. Hackmud nayo huzifungia programu za wachezaji na kuzikatia muda: isiyomaliza kazi kwa sekunde chache husimamishwa, ili mtu mmoja asiikalie seva ya wote.

Mwenye mtaji aulize nini

Mwenye kuombwa mtaji wa mchezo kama huu ana maswali manne ya kumwuliza mbunifu kabla ya kutazama picha na rangi. Mchezaji akivamiwa, anaweza kupoteza kiasi gani kwa usiku mmoja? Atajuaje alivyoibiwa? Anahitaji siku ngapi kurudi alipokuwa? Na mwizi akishashiba, fedha zake zinarudije kwenye mzunguko?

Mbunifu mwenye majibu ya takwimu ameshika biashara yake. Anayejibu kwamba wachezaji watajipanga wenyewe anapaswa kukumbushwa Felucca: wanyang'anyi walibaki wengi, na wa kunyang'anywa wakawa wamekwisha kuhama.