Msiba Usio na Arobaini

Katika dakika nane za Father and Daughter, filamu ya katuni ya mwaka 2000, hakuna anayetamka neno. Baba na binti yake mdogo wanapanda tuta la kando ya maji kwa baiskeli. Baba anamuaga, anateremka, anarudi mbio kumkumbatia tena, kisha anaingia mashuani na kupiga makasia mpaka anatoweka. Harudi. Binti anaendelea kuja tutani: akiwa mwanamwali, akiwa na mchumba, akiwa na mume na watoto, hatimaye akiwa bibi kizee ambaye baiskeli yake kila akiisimamisha inaanguka. Mwongozaji wake, Michaël Dudok de Wit, Mholanzi anayeishi London, alishinda Oscar kwa filamu hii mwaka 2001. Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba inakataa kuufanya uchungu wa kuondokewa kuwa ugonjwa ambao mtu hana budi kupona. Binti huyu hakuharibikiwa. Amependa, ameolewa, amelea. Na bado anasimama pale. Hatumwoni akibubujikwa na machozi. Amechorwa kwa mbali, kwa penseli na makaa, mwili mdogo chini ya anga kubwa, na uso hausomeki. Tunachosoma ni vitendo vyake: namna anavyokanyaga pedali akishindana na upepo, namna anavyoyatazama maji kidogo kisha anaenda zake. Hata kodiani inayopiga muziki wa dansi wa karne ya 19 haimsukumi mtazamaji alie.

Wapo watakaolalamika kwamba hatuambiwi baba kaenda wapi, wala kwa nini. Ni kweli, lakini mtoto naye hakuambiwa. Lau tungejua ni vita au maradhi, tungeanza kumhukumu baba au kumtetea, tukamsahau aliyebaki ufukweni bila maiti wala kaburi. Hoja nzito zaidi inahusu mwisho: maji yamekauka, bibi anatembea kwenye majani marefu, anakuta mashua iliyozama mchangani, anajilaza ndani yake, kisha anainuka, anakimbia akirudia ujana hadi mikononi mwa baba. Je, hiyo si faraja ya bei rahisi? Ingekuwa hivyo kama ingeangushwa kutoka hewani. Lakini Uholanzi, ambayo mandhari yake ndiyo yaliyochorwa humu, ni nchi iliyoifukuza bahari kweli. Mwaka 1932 Waholanzi waliziba ghuba ya Zuiderzee kwa ukuta wa kilomita zipatazo 32, wakakausha sehemu zake kubwa, na katika mashamba mapya wakulima wakakuta mabaki ya mamia ya vyombo vilivyozama zamani. Kwa hiyo mashua katika nchi kavu ni jambo ambalo ardhi ile yenyewe imelishuhudia. Tena bibi haokolewi na mtu. Anateremka mwenyewe, kwa miguu, mahali ambapo maisha yake yote aliishia kupatazama tu. Anayeuona mkutano ule kuwa ahera, au ndoto ya mzee aliyechoka, hakosei. Hata akiuondoa kabisa, safari za miaka yote zinabaki, na hizo ndizo zinazoibeba filamu.