Bega, na Maana Tatu za Neno Mshipa

Katika Ilomba, mjini Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, wachukuzi hupakua viazi vilivyoletwa kutoka milimani. Gunia lililojazwa kupita kiasi, liitwalo lumbesa, huzidi kilo 100, nalo hubebwa mabegani na mgongoni. Jioni mchukuzi akisema, "Mshipa wa bega umenikatika," wenzake humwelewa mara moja. Lakini tabibu hajui bado ameambiwa nini. Makala haya yakusudia kueleza umbo la bega, ili ionekane kwa nini neno hilo lahitaji kupambanuliwa.

Bega si kiungo kimoja. Mifupa yake ni mitatu: mtulinga kwa mbele, kombe la mkono kwa nyuma, na mfupa wa juu wa mkono, ambao kichwa chake ni mviringo. Mtulinga hukutana na mfupa wa kidari, kisha na kombe. Na kombe hukutana na mfupa wa mkono. Hivyo ni viungo vitatu. Tena kombe huteleza juu ya mbavu bila kuungana nazo. Kwa hiyo mkono mzima umeungana na kiwiliwili, mfupa kwa mfupa, mahali pamoja tu, yaani pale kidarini. Kwingine kote umeshikwa na misuli.

Kikombe cha kombe ni kidogo, nacho hakina kina: kichwa cha mfupa hukaa hapo kama chungwa juu ya kisahani. Ndiyo sababu mkono waweza kuinuliwa toka ubavuni hata juu ya kichwa. Takriban theluthi mbili za mwendo huo hufanywa na kiungo hicho, na theluthi moja na kombe lenyewe. Lakini ndiyo sababu pia kiungo hicho huteguka upesi kuliko viungo vingine vikubwa vya mwili, na mara nyingi kichwa cha mfupa hutokea mbele.

Kizuizi chake ni misuli minne itokayo katika kombe, ambayo kano zake hukizunguka kichwa cha mfupa. Juu yake pana msuli mkubwa ulipao bega umbo lake. Neva za mkono hutoka shingoni, kuanzia ya tano ya shingo hata ya kwanza ya kifua. Hupita chini ya mtulinga na kuingia kwapani, pamoja na mshipa mkuu wa damu wa mkono. Tawi moja hulizunguka shingo la mfupa wa mkono na kuufikia msuli ule mkubwa, pamoja na ngozi ya upande wa nje wa bega.

Sasa turudi kwa mchukuzi wetu. Ikiwa ukano umekatika, atapata taabu kuinua mkono, na maumivu humzidi usiku anapolalia bega. Ikiwa neva imeumia, msuli utalegea, na huenda akahisi ganzi upande wa nje wa bega. Ikiwa ni mshipa wa damu, kiganja chaweza kupoa na kupauka, na pigo la damu kifundoni likafifia au lisisikike kabisa. Huyo apasa kufikishwa hospitali bila kukawia. Mambo hayo matatu yana tiba mbalimbali, na kukanda au kuvuta bega kabla ya kuyapambanua kwaweza kuongeza madhara. Hata hivyo yote matatu huitwa mshipa.

Upana huo si kosa la wachukuzi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 nayo yalieleza neno mshipa kuwa ni mshipa wa damu na neva pia. Asili ya wazo ni sura: chochote mwilini kifananacho na kamba. Hatuoni haja ya kulitupa neno lenye mantiki hiyo. Yatosha kulipa kijalizo chake: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu (au neva, kama isemwavyo sasa), na kuliachia neno ukano kazi yake ya zamani. Maneno hayo tayari yamo katika lugha. Kilichobaki ni kuyatumia kwa uangalifu, hasa mbele ya mtu anayeuguza bega lake.